Clamour, Kelele na Mwano: Kumbukumbu ya Tafsiri Moja

Makala haya yalianzia katika mstari mwekundu. Miaka michache iliyopita niliwapa wanafunzi wangu wa somo la tafsiri kifungu cha Kiingereza chenye neno "clamour", nikawataka wakitafsiri kwa Kiswahili. Zaidi ya nusu yao waliandika "kelele". Nilipiga mstari chini ya neno hilo katika kila karatasi na kuandika pembeni: "Kelele za nani? Za nini?" Siku ya kurudisha kazi, mwanafunzi mmoja wa kike alibaki nyuma wenzake walipotoka. "Shikamoo Mwalimu," alisema, "naomba unisaidie. Kama si kelele, ni nini?" Nilimjibu kwa maneno mengi, kama tujuavyo kujibu sisi walimu tusipokuwa na jibu, nikamwomba anipe wiki moja. Wiki hiyo ilikuwa ndefu kwangu. Kosa nililomsahihisha nililitenda mimi mwenyewe kabla yeye hajazaliwa, tena si katika karatasi bali mbele ya baraza, na mtu mwingine ndiye aliyelilipia.

Hatuna budi kuanza na neno lenyewe. "Clamour" halikuzaliwa Uingereza. Asili yake ni neno la Kilatini "clamor", yaani ukelele wa mtu anayeita, nalo limetokana na kitenzi "clamare", kuita kwa sauti kuu. Lilipitia katika Kifaransa cha kale, na kufikia karne ya 14 lilikuwa limekwisha kuingia katika Kiingereza. Huko limekaa na maana mbili ambazo hazijaachana hadi leo: makelele ya watu wengi kwa pamoja, na malalamiko au madai yanayotolewa kwa sauti na kwa kung'ang'ania. Msemaji anayetaka kuwadharau wanaolalamika huelemea maana ya kwanza. Anayetaka kuwatambua huelemea ya pili. Na asiyetaka kujulikana msimamo wake hulitumia neno jinsi lilivyo na kwenda zake. La kuvutia zaidi ni kwamba kitenzi hicho hicho cha Kilatini ndicho kilichozaa "claim", yaani dai. Wakili wa London anayewasilisha dai la mteja wake kwa karatasi zenye mihuri bado anatumia neno ambalo ndani yake amesimama mtu akipaza sauti.

Kiswahili nacho si maskini katika uwanja huu. Tunayo kelele, ambayo kwa asili ni wingi wa ukelele. Tuna yowe, ukemi na unyende. Na wenzetu wa Kenya wana kamsa. Hayo ni majina ya sauti. Tunavyo vitenzi vya kutoridhika: kuguna, kunung'unika, kulalamika, kuteta, kufoka, kubwata. Kisha tunayo maneno ya mahakamani, kudai na kushtaki, na hapa pana jambo ambalo sikulitazama kwa makini hadi nilipolazimika kumjibu yule mwanafunzi. "Shtaki" limetokana na Kiarabu "ishtaka", ambalo kwa asili ni kulalamika tu, kueleza uchungu ulio nao. "Dai" limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuita, mzizi ule ule uliotupa "dua". Kwa hiyo mwenye dai na mwenye dua ni ndugu. Wote wawili wanaita, ila mmoja anamwita hakimu na mwingine anamwita Mungu. Kilatini na Kiarabu, lugha zisizo na udugu wowote, zimepita njia moja: mtu anapaza sauti, na sauti yake inageuka kuwa haki anayoidai.

Maneno yetu ya Kibantu hayakupandishwa cheo hicho kwa urahisi. Kulalama, kwa maana yake ya zamani, ni kulia kwa kuomba huruma, kama aliavyo mtu anayeadhibiwa. Kunung'unika ni sauti tupu. Litamke polepole utasikia jinsi linavyong'ang'ania puani lisitake kutoka. Tazama pia maumbo: lalamika, nung'unika, sikitika, huzunika, fadhaika. Sidai kwamba -ik- hiyo inafanya kazi ile ile katika kila mojawapo, maana wanamofolojia watanisuta, lakini sikio la msemaji wa kawaida huyasikia yote kama mambo yanayompata mtu, sawa na kuvunjika na kuchanika. Anayedai anatenda. Anayelalamika amepatwa. Ni kweli kwamba polisi na mahakama zetu zimemfanya "mlalamikaji" kuwa mtu rasmi mwenye nafasi katika jalada, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini hebu toka nje ya mlango wa mahakama useme kwamba fulani ni mlalamikaji, uone watu watakavyokuelewa.

Neno lililo chini kabisa ni kelele. Nani kati yetu hakuwahi kuandikwa jina ubaoni na kiranja chini ya kichwa "Wapiga kelele"? Kiranja hakuandika tulikuwa tunasema nini. Pengine mmoja alikuwa akiomba kalamu, mwingine akimweleza mwenzake hesabu, na wa tatu akilia kwa kupigwa. Wote waliingia katika orodha moja na kupata viboko vilivyo sawa. Hiyo ndiyo kazi ya neno hili: hufuta maneno yote yaliyosemwa na kubakiza sauti.

Mwaka 1987 nilikuwa kijana wa sekondari niliyerudi nyumbani kwa likizo, katika kijiji kimoja kusini mwa mji wa Mwanza. Wakati huo tulikuwa chini ya Wilaya ya Kwimba. Wilaya ya Misungwi, ambamo kijiji hicho kimo leo, ilimegwa mwaka 1995. Ni nchi ya mawe makubwa yaliyobebana, ya mashamba ya pamba na mihogo, na ya mpunga mabondeni. Jirani yetu alikuwa mama mmoja mjane, mtu mzima wa umri wa bibi yangu, ambaye sote tulimwita mayu, kama tunavyowaita akina mama kwa Kisukuma. Kati ya ua wake na wetu palikuwa na uzio wa minyaa tu. Mumewe alikuwa amemwachia kipande cha bonde kinachotuama maji vizuri, na ndugu wa mume walikitaka. Baada ya muda maneno yalianza kusemwa juu yake. Macho yake yalikuwa mekundu, kama ya wanawake wengi waliopika kwa moshi wa kuni maisha yao yote. Nasi tuliokulia Usukumani tunajua kwamba wekundu huo umewagharimu maisha akina mama wengi wasio na hatia.

Mayu alikwenda kulalamika barazani. Katibu wa baraza hilo alikuwa mgeni kutoka mkoa mwingine, asiyejua Kisukuma. Mayu naye hakujua Kiswahili cha kutosha kujieleza mbele ya wakubwa. Ilisemekana kwamba mimi nilikuwa wa kwanza darasani kwa Kiswahili. Nikaitwa kuwa mkalimani, nikakubali kwa fahari kubwa, nikavaa shati langu la shule.

Mayu alisimama akaeleza kwa utulivu. Usiku watu waliingia upande wa bonde, wakakata minyaa ya mpaka, kisha wakarusha mawe juu ya paa lake la bati. Alitoka nje akapiga mwano. Akaupiga mara ya pili na ya tatu. Hakuna mtu aliyetoka. Hayo ndiyo aliyosema, na mkazo wake wote ulikuwa katika sentensi ya mwisho.

Mimi nilisema hivi: "Anasema kuna watu walimkatia minyaa na kumrushia mawe, akapiga kelele."

"Alipiga kelele saa ngapi?" katibu aliuliza.

"Usiku wa manane."

Nilikuwa nimesimama karibu na meza, nikaona alivyoandika: mlalamikaji alipiga kelele usiku wa manane. Mmoja wa wajumbe akacheka kidogo, akasema kwa Kiswahili kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Watu wakacheka naye. Baada ya majadiliano mafupi iliamuliwa kwamba habari za minyaa na mawe hazikuwa na shahidi, na kwamba mama aonywe asipige kelele usiku na kuwasumbua majirani. Nikaagizwa nimweleze. Hapo nilikwama, kwa kuwa jambo alilokatazwa kwa Kisukuma lilikuwa na jina moja tu, na jina hilo ndilo nililolitumia. Mayu aliniangalia mimi, hakuliangalia baraza, akauliza: "Mwanangu, hata mwano siku hizi unakatazwa?" Sikuitafsiri swali hiyo, hakuna aliyenitaka niitafsiri.

Kwa msomaji asiyetoka sehemu zetu, yafaa nieleze mwano ni nini. Ni yowe la hatari la Wasukuma na Wanyamwezi, ambalo hupigwa mtu anapovamiwa, ng'ombe wanapoibwa au mnyama mkali anapoingia kijijini. Aliyelisikia hulirudia, ili nyumba ya mbali zaidi nayo isikie, kisha hutoka na silaha yake na kukimbilia lilikoanzia. Sauti haiishi kwa aliyeipiga. Hupokewa na kupitishwa. Kutoitikia mwano ni kosa. Vikundi vya Sungusungu vilipoanza kuenea kutoka pande za Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, ili kupambana na wizi wa ng'ombe na ujambazi, vilijengwa juu ya kanuni hiyo ya kale, na aliyesikia asitoke alitozwa faini. Mwaka 1989 Bunge lilipitisha sheria iliyovipa vikundi hivyo msingi wa kisheria. Ray Abrahams, aliyeandika juu yao mwaka 1987, mwaka ule ule wa kisa changu, alionyesha pia upande wao wa pili: baadhi ya vikundi hivyo, katika siku za mwanzo, viliwageukia hata wanawake walioshukiwa kuwa wachawi.

Sasa msomaji ataona uzito wa tafsiri yangu. Laiti ningesema, "Alipiga mwano mara tatu na hakuna aliyetoka," katibu yule mgeni angelazimika kuuliza mwano ni nini. Na akishaelezwa, angelazimika kumwuliza kila mwanamume aliyekaa barazani alikuwa wapi usiku ule. Lalamiko lingegeuka na kuwa shtaka, tena dhidi ya waliokuwa wakilisikiliza. Neno moja lilimgeuza mama kutoka mtu aliyenyimwa haki yake hadi mtu aliyewaharibia wenzake usingizi. Wajumbe wote walikuwa Wasukuma. Kila mmoja alilisikia neno alilolitumia mayu, na kila mmoja alilisikia neno nililoliweka mahali pake. Hakuna aliyenisahihisha.

Miaka mingi baadaye, nikisoma habari za neno "clamour", nilikuta kwamba katika visiwa vya Jersey na Guernsey, vilivyo karibu na pwani ya Ufaransa na ambavyo vimetunza sheria za kale za Normandy, mtu anayeona ardhi yake inavamiwa anaweza hata leo kupiga magoti pale pale, mbele ya mashahidi, akaita "Haro" mara tatu na kuomba msaada wa mtawala wake kwa kuwa anadhulumiwa. Huitwa "clameur de haro", na humo neno letu limo waziwazi. Aliyepigiwa ukelele huo hana budi kuacha mara moja anachokifanya hadi mahakama iamue. Aliyeupiga bila haki naye hutozwa faini. Uingereza yenyewe, kwa sheria iliyotungwa Winchester mwaka 1285, iliwabana wakazi waliosikia yowe la kumfukuza mwizi: wasipomkamata, wao ndio waliolipa hasara. Niliposoma hayo nilifunga kitabu. Ukelele mara tatu, ardhi, mpaka. Mama yule wa Misungwi alikuwa amefanya barabara kile ambacho mtu wa Guernsey angekifanya, na sheria yake ya kimila ilikuwa na meno kama ya mwenzake. Alichokosa ni mkalimani.

Ningependa kuishia hapo na kusema kwamba nilikuwa kijana, na kwamba kamusi yangu ya kichwani ilikuwa ndogo. Nimewahi kuwaeleza wanafunzi kisa hiki kwa namna hiyo, kama mfano wa upungufu wa istilahi, nao wakaandika katika madaftari yao. Ilikuwa nusu ya ukweli. Usiku ule nilikuwa nyumbani. Mwano wa kwanza uliniamsha. Wa pili nilimsikia baba akiketi kitandani, upande wa pili wa ukuta. Mama alimwambia kwa sauti ya chini, "Watakuja na huku." Mwano wa tatu ulipopigwa, kitanda kililia tena, baba alikuwa amejilaza.

Baba yangu hakuwa mwoga. Alikuwa mkulima wa pamba wa kizazi kile kilichopigania mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma walilalamika kwamba wanunuzi wa pamba waliwapunja kwa mizani ya uongo. Wakasikilizwa pale tu walipojiunga katika vyama vyao wenyewe, wakiongozwa na Paul Bomani na wenzake, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaunganika katika shirikisho la Victoria, ambalo baadaye lilisifika mbali nje ya Tanganyika. Baba alipenda kusimulia habari hizo jioni. Alipenda hasa kueleza jinsi wazee wao walivyoambiwa kwamba walikuwa wakipiga kelele bure, na jinsi walivyokuja kusimama karibu na mizani wakisoma uzito kwa macho yao. Alijua vizuri, kuliko mimi na shahada zangu, tofauti ya kelele na dai.

Kwa hiyo niliposimama mbele ya baraza sikuwa nikitafuta neno la Kiswahili nikalikosa. Neno lililokuja mdomoni lilikuwa neno lililotufaa: lililifaa baraza, liliwafaa majirani, lilimfaa baba yangu aliyekuwa ameketi safu ya pili, nalo lilinifaa mimi. Tunapowafundisha wanafunzi nadharia za ulinganifu wa maana, huwa tunazungumzia matini mbili na utamaduni wa pande mbili. Mara chache tunawauliza ni nani aliyekaa safu ya pili.

Mayu hakukaa muda mrefu. Kabla ya mvua za mwaka ule alihamia kwa binti yake upande wa Geita. Nilimsindikiza hadi kivuko cha Kigongo nikiwa nimembebea godoro na sufuria zake. Tulisubiri pantoni kwa saa nyingi, kama ilivyokuwa kawaida. Hakusema lolote juu ya baraza. Aliniuliza shule itafunguliwa lini, na kama chakula cha bwenini kinatosha. Pantoni ilipofika alichukua mzigo wake mwenyewe, akaingia. Leo Ghuba ya Mwanza huvukwa juu ya daraja la kilometa 3 hivi kutoka Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, na safari ile ya nusu siku ni ya dakika chache. Mara zote mbili nilipolivuka nilijikuta nikitazama kushoto na kulia kama mtu aliyeangusha kitu majini. Bonde lake linalimwa mpunga hadi leo, na wanaolilima ni wajukuu wa shemeji zake.

Narudi kwa yule mwanafunzi, maana deni ni deni. Alirudi wiki iliyofuata kama tulivyokubaliana, na kabla sijafungua mdomo alisema: "Mwalimu, nimewaza. Nyumbani kwetu tungesema kilio." Alikuwa sahihi, nami niliona haya kwamba sikulifikiria. Kilio cha wakulima, kilio cha wastaafu, kilio cha muda mrefu cha wananchi: magazeti yetu yamejaa kilio, na kiongozi anayetaka kura huanza kwa kusema kwamba amesikia kilio chenu. Tena kilio ni msiba, na kwenda kilioni si hiari. Asiyefika huhesabiwa, na siku yake hukumbushwa. Kati ya majina yote ya sauti tuliyo nayo katika Kiswahili, nadhani hilo ndilo linalomfunga asikiaye kwa nguvu zaidi. Nilifuta mstari mwekundu katika karatasi yake, ingawa yeye mwenyewe hakuwa ameandika kilio bali kelele, nikamwongezea alama mbili.

Lakini kilio hakitoshi kwa mwano. Ningesema barazani "alipiga kilio," katibu angedhani kuna mtu aliyefariki. Kwa hiyo nimeandika pendekezo la kidahizo na kumpelekea mwenzangu anayeshughulika na kamusi: mwano nm mi- [u-/i-] yowe la kuomba msaada wakati wa hatari, ambalo kila alisikiaye hana budi kulirudia na kutoka. Alinirudishia karatasi akiwa amekata maneno yote yanayoanzia "ambalo". Hoja yake ni kwamba sehemu hiyo si maana ya neno bali ni sheria, na kamusi haitungi sheria. Nilimjibu kwamba bila sehemu hiyo kinachobaki ni kelele. Tumeandikiana mara tatu sasa na bado hatujaafikiana. Tumekubaliana juu ya wingi tu, kwamba ni miano.